Bismillahi Juu ya Mbwa wa Wenzangu



Mhariri aliponiomba makala ya muhula huu nilimwambia nitaandika juu ya mbwa, akacheka akidhani natania. Sisi tunaosoma masomo ya Kiislamu tukisikia mbwa, akili inakwenda moja kwa moja kwenye chombo: kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo, na je, sabuni inashika nafasi ya udongo? Tumelibishania hilo bwenini mpaka usiku wa manane. Swali langu leo si la chombo. Nataka kuuliza kama ni sawa kumtuma mbwa akamkimbize na kumrarua mnyama ambaye hatutamla, na kama jibu ni "inategemea", basi inategemea nini. Nina sababu ya kuuliza, na sababu yenyewe hainipendezi.

Kwetu ni Kabuga, upande wa bondeni, pale ambapo mji wa Kigali unaishia na mashamba yanaanza. Baba mdogo anafuga kuku na mbuzi wachache. Masika ya mwaka jana kuku walianza kupungua, mmoja mmoja. Kisha asubuhi moja mwanambuzi akakutwa kwenye nyasi, tumbo limechanwa. Mmoja akasema ni nyiramuhari, yaani mbweha. Mwingine akasema ni mbwa koko. Hakuna aliyekuwa ameona kitu. Lakini mbweha ana sifa mbaya tangu ngano za utotoni, kwa hiyo kesi yake iliamuliwa upesi.

Vijana wa mtaani wakajitolea. Walikuwa watano na mbwa saba. Wawili kati ya mbwa hao walikuwa warefu wa miguu, wembamba wa kiuno, kifua kirefu kama cha ngalawa. Hawa hukimbiza kwa macho, wakishamwona mnyama kwenye uwazi hawahitaji pua. Waliobaki walikuwa mbwa wa kawaida wa nyumbani, wenye pua nzuri, kazi yao kumtoa mnyama kichakani ili wale warefu wamwone. Mmoja alivikwa kengele shingoni. Mbwa wa asili wa Afrika ya Kati habweki sana, ndiyo maana wawindaji wa Kongo na wa huku kwetu tangu zamani humfunga kengele, wajue alipo. Vijana wenyewe walibeba tochi, marungu na filimbi.

Mimi nilialikwa kwa mzaha. "Shehe," mmoja akaniambia, "njoo utusomee bismillahi mbwa wetu, tusirudi mikono mitupu." Wanne kati yao si Waislamu. Nilicheka, nikaenda. Na walipofungua kamba, nilisema bismillahi kwa sauti, mkono umeinuliwa, nao wakaitikia "amina". Hapo ndipo penye tatizo langu.

Sitaeleza yote. Mbweha alitoka kwenye matete, akapanda uwazi wa shamba la viazi, na wale wawili warefu wakamfikia kabla hajafika mikaratusi. Wengine watano wakaja nyuma yao. Nilisimama mbali na tochi yangu nimeielekeza chini, nikaanza kusoma Qul huwallahu kimoyomoyo, si kwa ibada bali kwa sababu nilihitaji kitu cha kufanya. Niliisoma zaidi ya mara ishirini kabla yule mnyama hajanyamaza. Msomaji anaweza kuisoma mwenyewe mara ishirini, apate kujua ni muda gani.

Kisha kijana mmoja akapasua tumbo kwa panga, atuonyeshe kuku wa baba mdogo. Kulikuwa na kumbikumbi wengi na mbegu za mapera. Manyoya hayakuwapo. Naijua hoja ya upande wa pili: tumbo la usiku mmoja ni ushahidi wa usiku mmoja tu. Ni kweli. Lakini bweha miraba, ambaye ndiye anayeishi huku kwetu na kule Akagera, ni mlaji wa matunda, wadudu, panya na mizoga zaidi kuliko mwizi wa mifugo. Hilo ningeweza kulisoma kabla ya kwenda. Sikusoma. Na kuku wa baba mdogo waliendelea kupungua.

Niliporudi chuoni nilifungua mlango wa uwindaji katika vitabu vya fiqhi nikiwa natafuta, nakiri, kujisafisha. Mwanzoni nilidhani nimepata. Aya ya 4 ya Suratul Maida imehalalisha wazi tunachokamatiwa na wanyama tuliowafunza, na neno ililotumia kwa wafunzaji, mukallibina, linatokana na kalb, mbwa. Aya inakumbusha pia kwamba elimu ya kumfunza huyo mnyama Mwenyezi Mungu ndiye aliyetupa. Kwa hiyo asije mtu akasema Uislamu unachukia mbwa wa kuwinda. Hadithi ile ya kupungua thawabu, kiratwi kwa kila siku, kwa mtu anayefuga mbwa bila haja, yenyewe inamtoa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Imam Malik alishangaa mate ya mbwa yachukiweje ilhali mawindo yake yanaliwa. Na huko Uarabuni mabedui walimweka saluki, yule mbwa mwembamba wa mbio, mahali pa heshima: alilala hemani, na wengi hawakukubali aitwe mbwa kama mbwa wengine.

Halafu nikafika kwa Adi bin Hatim, radhi za Allah ziwe juu yake. Huyu ni mtoto wa Hatim at-Tai, yule Mwarabu aliyesifika kwa ukarimu kabla ya Uislamu, na kabila lake lilikuwa la wawindaji. Alimjia Mtume (S.A.W.) na maswali ya mtu anayeijua kazi yake. Majibu aliyopewa, kwa maana yake, ni haya: ukimtuma mbwa wako aliyefunzwa ukataja jina la Allah, kula alichokukamatia. Akiwa mbwa amekula, usile, maana huenda amejikamatia mwenyewe. Ukimkuta mbwa mwingine pamoja na wako, usile, kwa sababu wewe ulitaja jina la Allah juu ya mbwa wako, hukulitaja juu ya yule mwingine. Na mnyama uliyempiga mshale ukimkuta amezama majini, usile, hujui kama ni mshale wako au ni maji.

Nimeyasoma masharti haya mara nyingi kwa ajili ya mtihani. Safari hii niliyasoma kama mshitakiwa. Mlango mzima, ukiutazama vizuri, umejaa kusita. Mbwa mmoja akizidi, acha. Shaka ikiingia ya nani aliyeua, acha. Mwindaji amefundishwa kuuliza baada ya kila windo: huyu amekufa kwa mkono wa nani, na kwa nia ya nani?

Sasa niangalie usiku wangu. Mbwa saba, wa watu watano, na hakuna hata mmoja aliye wangu. Mtumaji ndiye anayetakiwa kutaja jina la Allah. Mimi sikuwa mtumaji, nilikuwa pambo. Mbwa wenyewe hawakuwa wamefunzwa kwa maana ya fiqhi, kwamba akitumwa aende, akiitwa arudi, na akikamata asile. Waliitwa kwa filimbi hawakurudi. Kama kile kingekuwa swala wa kuliwa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angesema nyama hiyo ni haramu bila kufungua kitabu.

Lakini hakuwa wa kuliwa, na hapa ndipo watu wengi hujibu haraka. Nilimweleza ustadhi wetu baada ya darsa, naye akasema masharti yale ni ya nyama. Mbweha haliwi, basi masharti hayahusiki. Kuhusu kuliwa yuko sawa. Mtume (S.A.W.) amekataza kila mnyama mkali mwenye chonge, na ingawa wanazuoni wa madhehebu ya Shafii walibishana juu ya mbweha, Imam Nawawi katika Minhaj anaeleza kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni uharamu. Nililolikataa, kimoyomoyo na kwa adabu, ni ile hatua ya pili. Tumekuwa na uangalifu mkubwa juu ya kinachoingia kinywani mwetu, na tukadhani kwamba kisichoingia kinywani hakina hesabu. Yaani swala, ambaye kifo chake kinamlisha mtu, amezungushiwa masharti. Na mbweha, ambaye kifo chake hakimlishi mtu yeyote, awe hana hata sharti moja? Naona ingefaa kuwa kinyume. Anayechukua roho kwa haja ndogo ndiye anayepaswa kusita zaidi.

Haja ipo, sikatai. Wapo wanyama walioruhusiwa kuuawa hata na aliye katika ihramu: kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mkali anayeuma. Wanazuoni wakawaingiza katika hukumu ya huyo wa mwisho wanyama wengine wanaoshambulia. Imam Malik katika Muwatta anaeleza kuwa ni wale wanaowarukia watu, kama simba, chui na mbwamwitu. Lakini hakuishia hapo. Wanyama wa mwituni wasiowashambulia watu, kama fisi, mbweha na paka, mwenye ihramu asiwaue, na akiwaua atalipa fidia. Nilipofika kwenye jina la mbweha nilifunga kitabu kwa muda. Najua hukumu hiyo ni ya ihramu, na mimi sikuwa Makka, nilikuwa kwenye shamba la viazi Kabuga. Hata hivyo nilikuwa na jina la Allah mdomoni.

Rafiki yangu mmoja, mtoto wa mfugaji kutoka Nyagatare, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akanipiga vizuri. "Ninyi watu wa karibu na mji," aliniambia, "mnakula kuku kila Idi, na mnayejifanya kumwonea huruma ndiye anayemla kuku wa maskini. Baba yako mdogo akipoteza mbuzi wanne, ada ya shule ya mwanawe utalipa wewe? Na chui akimla swala anamsomea bismillahi?" Nilikaa na maneno haya siku nyingi, kwa sababu yana uzito. Huruma isiyo na mifugo ni rahisi. Kwao Nyagatare wanajua gharama ya mnyama mkali. Baada ya 1994, watu waliporudi na ng'ombe wao na sehemu kubwa ya hifadhi ya Akagera ikageuka malisho, simba waliwekewa sumu mpaka wakaisha, na Rwanda ikakaa bila simba hadi 2015 walipoletwa saba kutoka Afrika Kusini. Siwezi kumhukumu mtu aliyerudi kutoka ukimbizini na ng'ombe kumi, na simba wako mlangoni.

Lakini hoja ya rafiki yangu inathibitisha haja ya kuzuia madhara. Haithibitishi kile tulichofanya. Kanuni tuliyosomeshwa ni kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Kabla ya mbwa kuna banda la waya. Baba mdogo alikuwa na banda la mianzi lenye tundu ambalo hata mimi ningeingiza kichwa. Kabla ya mbwa kuna sheria ya nchi: Rwanda ina sheria ya fidia ya madhara yanayosababishwa na wanyama tangu 2011, na mfuko maalum wa kulipa. Na kumkimbiza mnyama pori bila kibali ni kosa, jambo ambalo mimi mwenye kusoma mlango wa kuwatii wenye mamlaka nililisahau usiku mmoja. Hatukujaribu hata kimoja. Na tukumbuke tulipanga kumuua mbweha, si yule mbweha. Mnyama hana taklifu. Haandikiwi dhambi, hana kisasi shingoni mwake. Vijana walipokuwa wakiteremka walikuwa wakisema "leo atatujua", kama vile ni mtu aliyewatukana. Unamwadhibu nani, asiyejua kuwa ameshitakiwa?

Kuna hadithi inayofundisha kwamba Allah ameandika wema katika kila kitu, hata katika kuchinja: mtu anoe kisu, ampumzishe mnyama wake. Meno ya mbwa si kisu kilichonolewa. Sharia imeyavumilia kwa mwenye njaa au mwenye kazi ya kuwinda, kama ilivyovumilia tayammamu kwa asiye na maji. Sisi tulikuwa na maji.

Nikiwa mkweli, kilichotupeleka hakikuwa kuku. Kilikuwa raha. Nilipowaona wale mbwa wawili wakinyooka kwenye uwazi, migongo inakunjwa na kukunjuka, moyo wangu ulikwenda nao. Ni kitu kizuri kukitazama, na anayesema si kizuri hajakiona. Washairi wa Kiarabu wa zama za Abbasiya, Abu Nuwas akiwa mbele, walitunga mashairi mazima ya kusifia mbwa wa kuwinda. Raha siyo haramu peke yake, na masahaba waliwinda. Ila kuna hadithi inayotahadharisha kwamba anayefuatia mawindo hughafilika. Zamani nilidhani maana yake ni kupitwa na sala. Siku hizi nadhani ni zaidi: anaghafilika na kile anachokifuatia, halioni tena kuwa ni kiumbe, analiona kuwa ni lengo. Mtume (S.A.W.) amekataza kitu chenye roho kufanywa shabaha. Imarati kuna mashindano ambamo saluki hukimbizana na chambo kinachovutwa kwa mashine. Mbwa anafurahi, watu wanafurahi, na hakuna anayechanwa. Waingereza nao, wenye mila ndefu ya kukimbiza mbweha wao kwa mbwa, waliipigia marufuku Uingereza na Wales kwa sheria ya 2004 iliyoanza kazi Februari 2005, baada ya ubishi wa miaka. Silinganishi. Nasema tu kwamba raha ya mbio inaweza kutenganishwa na kifo, na anayekataa kuzitenganisha aseme ni ipi anayoipenda.

Nilitaka makala iishie hapa, kwenye fiqhi. Lakini kuna jirani.

Juu kidogo ya kwetu anaishi bibi mmoja, mjane, ambaye tangu utoto wetu hatukuruhusiwa kupita kwake na mbwa. Tulidhani ni wale wazee wasiopenda mbwa. Asubuhi baada ya ule usiku nilitumwa na mama kumpelekea chai, nikamkuta hajalala. Mlango ulikuwa umeegemezwa kabati kwa ndani. Ilibidi nisubiri alisukume. Akaniuliza: "Mjukuu wangu, zile filimbi jana zilikuwa za nini?" Nikamwambia walikuwa wanawinda mbweha. Hakunigombeza. Akakaa kimya, kisha akasema, "Na mbwa pia nilisikia."

Msomaji wa Rwanda haitaji kuelezwa. Kwa wasomaji wetu wa nje: manusura wengi wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 wamesimulia jinsi walivyosakwa kwenye matete na vichaka kwa filimbi na mbwa, na neno lililotumika lilikuwa lilelile la kuwinda. Baadaye mbwa walioachwa bila wenyewe walikula maiti, na wanajeshi wa RPF waliwapiga risasi, hata nchi ikakaa karibu bila mbwa kwa muda. Na sisi wa Kabuga hatuwezi kujifanya hatujui ardhi yetu. Mwaka 2018, hapa Gahoga, yalifunuliwa makaburi ya halaiki chini ya nyumba na viwanja ambavyo watu walikuwa wakiishi na kupita. Yalichimbwa kwa miezi. Mei 2019 mabaki ya watu karibu 85,000, yaliyotoka huku na Masaka, yalizikwa kwa heshima katika ukumbusho wa Nyanza, Kicukiro. Nilikuwa kijana mdogo. Nakumbuka watu wazima wakirudi kutoka kule kwenye mashimo wakiosha mikono bila kuongea.

Kwa hiyo chini ya mteremko ambao tuliuita uwanja wa mawindo, kulikuwa na mtu amekaa sakafuni gizani, ameweka kabati mlangoni. Nimesoma haki za jirani. Naweza kukutajia hadithi zake kwa mpangilio: asiyemwamini Allah vilivyo ni yule ambaye jirani yake hana amani na shari zake. Nilipata alama nzuri katika somo hilo.

Je, usiku ule ungekuwa halali kama bibi angekuwa kiziwi? Nimejiuliza hivyo, maana nisingependa huzuni yake iwe ndiyo hoja yangu yote; huzuni si dalili ya kisharia. Jibu langu ni kwamba yeye hakukifanya kitendo kiwe kibaya. Alikitambua. Tulichokuwa tumekifanya ni kundi kubwa kumkimbiza mmoja, bila ushahidi, kwa kelele na furaha, kila mmoja akiwa na mbwa wake na hakuna anayeweza kusema ni wa nani aliyeua. Simlinganishi mbweha na mtu, na mtu akinisoma hivyo amenidhulumu. Nasema ile hali ya sisi tuliokimbiza, ile ya kuacha kuuliza, ni moja. Na Adi bin Hatim alikuwa ameambiwa aulize.

Kuhusu mbwa, nimebadilika kwa namna ambayo sikuitegemea. Sisi Waislamu wa Rwanda tuna sababu mbili za kutompenda, ya najisi na ya 1994, na tunazichanganya. Lakini mbwa wa 1994 alitumwa na mtu, kisha akaachwa na mtu, kisha akalaumiwa. Katika fiqhi ya uwindaji, mbwa aliyefunzwa ni kama mshale: windo linaandikwa kwa aliyerusha. Akagera wana kikosi cha mbwa tangu 2015, wanaofuata nyayo za majangili. Ni pua ileile, imefunzwa jambo jingine. Mwanachuoni wa Baghdad aitwaye Ibn al-Marzuban, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kitabu kizima cha kueleza ubora wa mbwa juu ya wengi wanaovaa nguo. Kichwa hicho zamani kilinichekesha. Na yule kahaba aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu alichota maji kisimani kwa kiatu chake. Sijui mimi ningechota na nini.

Ikhwan as-Safa wa Basra wana risala ya kifalsafa ambamo wanyama wanawashitaki wanadamu mbele ya mfalme wa majini. Nilikuwa nimeisoma juu juu mwaka wa pili. Niliirudia kwa ajili ya makala hii nikagundua jambo nililokuwa nimelisahau: wanyama wakali walipochagua mjumbe wa kuwasemea mahakamani, walimtuma mbweha. Na katika mashauriano yao wanawasema mbwa, kwamba walihamia kwa wanadamu kwa tamaa ya chakula. Nilitamani wangemwita na mbwa atoe ushahidi. Angesema, nadhani, kwamba alikwenda alikotumwa.

Baba mdogo ameweka waya. Nilichangia nusu, kutoka pesa nilizokuwa nimeziweka za kununua kitabu. Kuku mmoja bado alipotea baada ya hapo, na hatujui ni nani. Vijana waliniita tena mwezi wa kumi na mmoja. Niliwaambia bismillahi yangu siitoi tena, na kwamba bibi anasikia filimbi. Wa kwanza alicheka. Wa pili, mwenye yule mbwa wa kengele, aliniuliza, "Anasikia mpaka kule juu?" kisha akaifungua kengele shingoni mwa mbwa, akaitia mfukoni. Sikujua kama anaahirisha mawindo au anataka tu yawe ya kimya. Nilikuwa nachelewa basi la chuo, sikumuuliza.